Mshahara wa Kuwaambia Wakwe

Shemeji aliingia chumbani akiwa amelikumbatia begi lake kifuani, kwa kuwa hapakuwa na pa kuliweka. Kitanda kilikula ukuta mzima, jiko lilikaa mlangoni, ndoo za maji zilisukumwa chini ya meza, na palipobaki ndipo mtoto alipokuwa akicheza. Ilibidi mtoto apandishwe kitandani ndipo mjomba wake apate pa kukanyaga.

"Karibu, shemeji, usione haya," alisema Zege. "Hapa ni kubanana tu."

"Nimeshakaribia. Mama anawasalimu sana. Anasema kwa hicho kidogo mnachopata bado mnamkumbuka, Mungu awazidishie."

Zege na mkewe walitazamana, kisha kila mmoja akatafuta kitu cha kufanya. Mke akaenda kukoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

Zege halikuwa jina alilopewa na wazazi. Mafundi husema zege halilali, maana likishachanganywa lazima limwagwe siku ile ile, na kazini walimwona mtu wa namna hiyo: akianza, haachi. Alikuwa saidia fundi kwenye jengo la ghorofa. Kazi yake ilikuwa kuchanganya mchanga, kokoto na saruji, kujaza karai, kulipandisha begani hadi juu, kushuka, kujaza tena. Kwa kazi hiyo alilipwa mia saba kwa siku. Kule kwa wakwe zake, safari ya kutwa nzima kwa basi, kazi hiyo hiyo na karai hilo hilo ni mia mbili na hamsini. Mfuko wa saruji bei yake haipishani sana popote uendapo. Anayepanda na kushuka bei ni mtu anayeubeba, kutegemea basi limemshusha wapi. Wenye elimu wana maelezo ya jambo hili. Mimi sina.

Walipohamia mjini, Zege alimwambia mkewe: "Tukitaja saba kule kwenu, tumekwisha. Watapiga hesabu ya saba kwa siku zote za mwezi, lakini kodi hawataipigia hesabu. Tuseme nne." Mke aliguna, maana waliokuwa wanadanganywa ni watu wake, lakini akasema nne. Nne ikasemwa kwenye simu, ikasemwa kwenye misiba, ikasemwa mama mkwe alipolazwa, hadi ikawa inatoka mdomoni upesi kuliko ukweli wenyewe.

Sasa mdogo wake mke amekuja kutafuta kazi, na kazi yenyewe ni pale pale kwa Zege. Alipotoka kwenda kunawa, mke alimfuata mumewe mlangoni.

"Utamwambia?"

"Nimwambie nini, hata begi hajalifungua? Ngoja alale. Siku ya mshahara akiona ni saba tutasema imepanda."

"Imepanda siku aliyofika yeye."

"Basi atajiona ana nyota," alisema Zege.

Mke hakucheka. Mwenye nyumba alikuwa ameongeza kodi, na nyongeza ilitakiwa Jumamosi. Asiyeweza, alisema, afungashe bila ugomvi, kwa sababu wanaokitaka chumba wapo. Mume na mke walikwisha kuyazungumza hayo. Kwa mia saba, wakifunga mkanda, wangebaki. Ikipungua, mke angemchukua mtoto akarudi kwa mama yake, na Zege angelala kwenye jengo pamoja na makapera. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa amewaona wanaume waliorudisha familia kwa muda kidogo tu, mpaka mambo yakae sawa. Mambo hayakukaa. Mtoto wa mmoja wao alimpokea baba yake kwa kumwuliza mama, "Huyu mgeni ataondoka lini?"

Shemeji alirudi uso ukimdondoka maji, akapewa kona ya kulala kwa jirani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Pale kwenye jengo palikuwa na desturi isiyoandikwa popote. Mgeni hajisemei. Aliyemleta ndiye humpeleka kwa nyapara na kusema, "Huyu ni wangu, bei ya geti." Bei ya geti ilikuwa mia saba, na hakuna aliyepanda jukwaani kwa chini ya hapo, hata awe na njaa ya namna gani. Nguvu yao yote vibarua wale ilikuwa hiyo tu. Nyapara aliichukia kama jiwe ndani ya kiatu.

Kesho yake asubuhi Zege alikuwa bado hajafungua mdomo lori la saruji lilipoingia likipiga honi.

"Zege, shusha mzigo kwanza," alisema nyapara. "Mgeni wako haendi popote."

Zege akamgeukia shemeji. "Nisubiri hapa. Nakuja kukusemea." Akavua shati na kukimbilia lori.

Shemeji alisubiri. Lakini mkubwa akikuuliza jambo, kunyamaza ni utovu wa adabu, na yeye alikuwa amelelewa. Nyapara alimwuliza kama ana nguvu, akasema anazo. Akamwuliza ametoka wapi, akamwambia. Kisha, kama mtu anayepitisha muda tu, akamwuliza angependa kulipwa ngapi.

"Mimi sina makuu, bosi. Kama anavyolipwa shemeji yangu inanitosha. Hiyo hiyo mia nne."

Nyapara akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Mia nne."

"Kama si nyingi."

"Si nyingi," alisema nyapara. "Chukua karai."

Mchana nyapara alimwita Zege nyuma ya rundo la mbao. Alikuwa na uso mkunjufu, na nyapara mkunjufu ni wa kuogopwa.

"Wewe bwana ni mtu wa ajabu. Miaka yote unanikaba na hiyo saba, kumbe ukweni unajulikana kwa nne, na familia inakula."

Zege alitazama nyuma kama kuna anayesikia. "Yule hajui, bosi. Yale ni mambo ya ukweni tu."

"Najua. Hata mimi nina wakwe, mimi wangu nimewaambia sina kazi." Nyapara akacheka, akaona amecheka peke yake, akaacha. "Sasa sikiliza. Kule alikotoka kijana huyu wako wengi wanaoililia hiyo nne. Basi moja likija, jengo limejaa. Kuanzia kesho, geti ni mia nne. Asiyeridhika, mji ni mkubwa."

"Watakataa."

"Watakutazama wewe. Ukipanda wewe, watapanda. Kwa hiyo wewe nakuacha na saba yako, kimyakimya. Ila ukiulizwa, unalipwa nne. Umeisema miaka yote hii, itakushinda leo?"

Tumpe haki yake, Zege hakukubali papo hapo. Alisimama akijifuta saruji mikononi, saruji ambayo haitoki bila maji. Akawafikiria wenzake, waliochangishana alipoumia mguu. Akaifikiria Jumamosi. Akamwona akilini mtoto wake amesimama kwenye ua wa bibi yake, akimtazama kama mgeni.

"Sawa, bosi," alisema. Na kwa kuwa mazoea ni kitu kibaya, akaongeza, "Asante."

Jioni shemeji hakugusa chakula. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, sahani mapajani, akamtazama dada yake wala si mume wa dada yake.

"Dada, mumeo analipwa ngapi?"

"Mwulize mwenyewe, si huyo hapo."

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye wa tumbo moja na mimi."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. "Saba," alisema mke.

Shemeji akaitikia kwa kichwa, taratibu. Alikuwa amekwisha kuambiwa. Pale kazini palikuwa na kibarua mmoja aliyeitwa Spika, kwa kuwa hakujua kunong'ona, na huyo alimkalisha chini wakati wa chakula akamweleza kosa lake mbele ya kila mtu. Walimwita mvunja bei. Mmoja alimmwagia maji ya kunawa miguuni, akasema samahani, sikukuona.

"Mama alipolazwa ulilia kwenye simu," alisema shemeji. "Ukasema mume wako analipwa nne, na yote inaliwa na kodi. Ukatuomba tuvumilie. Tukavumilia. Mama alitolewa hospitali hajapona, kwa sababu kitanda kinalipiwa. Mpaka leo mkono wake wa kushoto haubebi ndoo."

Mke akakaa kitandani na kuanza kulia bila sauti. Mtoto akamtazama, akamtazama mjomba, akajisogeza kwa baba yake.

"Shemeji, wewe mji huujui," alisema Zege. "Saba ya huku si saba ya kule. Huku maji yanalipiwa. Choo kinalipiwa. Ukikaa tu bila kufanya lolote, unadaiwa."

"Basi mngesema hivyo. Mngesema, tunalipwa saba na haitoshi. Mama angeelewa, mama si mtoto mdogo."

Miaka yote ile, wakipanga maneno ya kusema na ya kutosema, hilo halikuwahi kuwajia. Lilimuuma Zege kwa sababu lilikuwa rahisi.

"Ya mama tutayamaliza kinyumbani," shemeji akaendelea. "Lakini hili la kazini, geti kushuka hadi nne, nimeliharibu mimi, na nitalitengeneza. Nimezungumza na Spika. Kesho tunasimama wote getini, hapandi mtu. Mimi nitasema nilikosea, bei sikuijua. Wewe utasema unalipwa saba, basi. Nyapara hawezi kukataa neno lako mbele ya watu, wewe ndiye mkongwe wao."

"Sawa," alisema Zege.

Ilikuwa sawa ya pili siku ile, na hizo sawa mbili haziwezi kukaa kwenye kinywa kimoja. Alilijua hilo alipokuwa akiitamka. Alfajiri, mkewe akiwasha jiko, ndipo alipomweleza ahadi ya nyapara, yote, bila kujipamba.

Mke alipuliza moto hadi ukashika. Alikuwa na mdogo wake upande mmoja na mtoto wake upande wa pili, na hakuna aliyemwuliza kama anaweza kubeba wote. Alijua neno moja lake lingetosha kumgeuza mumewe, upande wowote ule. Alilitafuta neno hilo, na alipolipata halikuwa lile alilotaka liwe lake.

"Kodi ni Jumamosi," alisema.

Asubuhi vibarua walisimama getini wameweka makarai chini. Hawakuwa na fujo, hata Spika aliongea kwa sauti ya watu wa kawaida. Shemeji alitangulia mbele, akavua kofia.

"Bosi, jana nilikosea. Nilitaja bei nisiyoijua. Bei ya geti ni mia saba, na mimi naomba nilipwe kama wenzangu."

"Nani amekwambia ni mia saba?" aliuliza nyapara.

"Wote hapa wanajua."

"Wote wanajua." Nyapara alipitisha macho juu ya watu kwa utulivu, mpaka yakafika alipotaka. "Zege. Sogea, baba, wakuone. Wewe ndiye mkongwe wa vibarua hapa, hakuna anayekuzidi. Waambie. Unalipwa ngapi?"

Huko juu fundi mmoja alikuwa akigonga msumari, naye akaacha. Zege aliangalia chini. Aliona viatu vya shemeji, viatu vya kuendea kanisani au msikitini au popote wanapoenda watu wenye heshima zao, maana hakuwa na vingine vya kujia mjini, na saruji ilikwisha kuvila.

"Mia nne," alisema.

Hakuna aliyepiga kelele. Spika akaokota shati lake kwenye uzio, akalikung'uta, akalivaa. "Sasa nimejua kwa nini mjini hatujengi nyumba zetu wenyewe," alisema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo. Akaondoka, na wengine kadhaa wakamfuata. Waliobaki walikuwa na watoto, au madeni, au uzee. Mmoja baada ya mwingine waliinama wakaokota makarai.

Shemeji alikuwa bado ameshika kofia. Alimsogelea Zege mpaka wakawa karibu kama watu wanaosalimiana.

"Mama sitamwambia," alisema. "Si kwa ajili yako. Ni kwa ajili yake, anakupenda."

Akaenda kwa jirani kuchukua begi lake. Kulikuwa na tetesi za barabara mpya inayochongwa mbali zaidi, ambako vibarua wanalipwa mia tatu lakini wanapewa chakula na pa kulala. Dada yake alimkuta akilifunga begi. Alitaka kumpa nauli, naye akaukunja mkono wake polepole ukiwa na noti ndani yake, akasema, "Weka, dada. Kodi ni Jumamosi." Mke hakujua kama alikuwa amesikia alfajiri kupitia ukuta wa mabati, au ilikuwa bahati mbaya tu. Hakuweza kuuliza.

Jumamosi vibarua walipanga mstari. Zege alijiweka wa mwisho, ili malipo yake yasionwe na mtu. Wale wa mbele hawakugeuka kumsemesha. Wiki nzima walikuwa wakimpisha kwenye ngazi kama anavyopishwa mgonjwa, na maji ya kunywa walimwachia yaliyobaki ndani ya dumu. Alijiambia ni wiki moja tu, watazoea.

Nyapara alimhesabia. Zege akazishika fedha, akajua kwa unene wake tu.

"Bosi, hizi ni za mia nne."

"Ndiyo."

"Mimi na wewe tulikubaliana."

"Nani alisikia?" Nyapara hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, alitaka kwenda nyumbani. "Zege, umesema mwenyewe mbele ya watu wote. Leo nikikupa saba, kesho mmoja achungulie mkononi mwako, mimi nitaonekana mwongo. Na mwenye jengo naye ameshasikia kwamba hata mkongwe wangu ni nne, hesabu ameifunga. Unataka nimwambie nini?"

Zege akageuka nyuma. Kwa mazoea tu, mwili wake ulikuwa ukimtafuta Spika, ukiwatafuta wale waliokuwa wakisimama nyuma ya mtu anapopunjwa na kuanza kugonga makarai mpaka mambo yarekebishwe. Uwanja ulikuwa mtupu. Nje ya geti walikaa wageni walioshuka na basi la asubuhi, mabegi mapajani, wakingoja Jumatatu.

"Ukiona haifai," alisema nyapara, "mji ni mkubwa."

Mkewe hakuhitaji kuambiwa. Alizipokea, akazitazama, akampelekea mwenye nyumba kodi ya zamani, na mwenye nyumba akasema nyongeza je, akasema hakuna, na mwenye nyumba akasema basi mpaka Jumatatu jioni, kuna mtu anakuja kukitazama chumba. Aliyasema hayo akiwa anamchezea mtoto shavu, bila ubaya wowote.

Walifungasha Jumapili. Vitu vya kufungasha havikuwa vingi. Kitanda kingeuzwa kwa jirani kwa bei ya kutupa, jiko lingeachiwa Zege. Walipeana maneno machache na ya lazima: shika hapa, vuta kamba, hii ni ya nani. Kila mmoja alikuwa na la kumlaumu mwenzake, na kila mmoja alijua mwenzake angejibu nini, kwa hiyo waliacha.

"Baba, wewe huji?" aliuliza mtoto.

"Nitakuja."

"Lini?"

"Mambo yakikaa sawa," alisema Zege, na aliposikia amesema nini akatoka nje kidogo.

Alikuwa bado nje mkewe alipomletea simu. Alikuwa amempigia mama yake kumwarifu kwamba wanakuja, na mama alitaka kuzungumza na mkwe wake. Mke alimpa simu bila kumtazama, akabaki amesimama hapo.

"Baba," sauti ilisema.

"Naam, mama."

"Nimesikia wanakuja. Hapa ni kwao, usitie wasiwasi. Nauli nimeituma kwenye simu, angalia. Nilikuwa na mabati yangu ya kuezekea jiko, nimemwuzia jirani. Mvua bado ziko mbali."

"Mama, usingefanya hivyo. Mkono wako wenyewe—"

"Mkono utapona. Wewe nisikilize." Alikohoa, akapumzika. "Usione aibu kwamba wanarudi. Wanaume wengine wangeshindwa zamani. Mimi kila siku nawaambia watu hapa, mkwe wangu ni mwanamume. Mji wote ule na ughali wake, analipwa mia nne, na mke wake, mwanangu, hajalala njaa, wala hajawahi kuniomba senti. Mia nne, baba. Mimi nilikuwa nashangaa mnaishije."

Zege alishika ukuta.

"Humo kwenye niliyotuma kuna iliyozidi nauli kidogo," mama mkwe akaendelea. "Hiyo usimpe mke wako. Hiyo ule wewe, upate nguvu za kazi. Umenisikia?"

Alimtazama mkewe, na mkewe, aliyekuwa amesikia kila neno, alitazama chini. Lilikuwapo la kusema. Angeweza kulisema wakati ule, kwa maneno machache tu, na mama si mtoto mdogo.

"Nimekusikia, mama," alisema Zege. "Nashukuru."

Mama mkwe akamwombea heri, akamwombea na nyapara wake moyo wa huruma, akakata simu kwa sababu salio lilikuwa linaisha.